Mume Wangu ni Fundi Rangi, Nami Nimemwita Fundi Mwingine

Mpendwa mshauri,

Msaada ninaouomba ni mmoja, na nakutahadharisha mapema kwamba sijaja kulia wala kuonewa huruma, kwa hiyo kama jibu lako linaanza na "pole sana dada" liruke hilo uende kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Mume wangu alisafiri kikazi kwa majuma mawili, na alipokuwa huko nikamwingiza mtu mwingine ndani ya nyumba yetu, mchana kweupe, majirani wakiona, siku tano mfululizo, na mume wangu aliporudi akakuta mambo yameshakwisha, na sijutii. Mtu huyo ni fundi rangi. Ni mwanamke, wanamwita Mama Ngazi, na alichofanya ni kunipakia sebule. Wewe utacheka, lakini kwetu hakuna anayecheka, kwa sababu mume wangu naye ni fundi rangi, tena si wa kubahatisha, wenzake wanamwita Profesa, na mke wa fundi rangi kumwita fundi mwingine ni afadhali angekutwa hotelini na mwanamume. Maneno hayo si yangu, ni ya wifi yangu, aliyasema mlangoni hata viatu hajavua.

Ngoja nikueleze nyumba yenyewe, maana watu wanaonisema hawajawahi kuishi humu. Tumeoana miaka ishirini na sita na katika miaka yote hiyo sijawahi kuona kopo la rangi likifunguliwa kwa ajili yangu. Mume wangu hupaka nyumba za watu, na kazi ikiisha kile kilichobaki chini ya ndoo huja nacho nyumbani, na hicho ndicho kuta zangu. Ukuta wa mlangoni ulikuwa kijani cha zahanati, na sisemi kijani kinachofanana na cha zahanati, nasema kilitoka zahanati. Wa dirishani ulikuwa bluu ya darasa, na bluu ilipomwishia juu ya dirisha akamalizia na kijivu cha karakana. Wa kabatini ulikuwa damu ya mzee kutoka baa, na wa nne waridi la saluni. Chumba cha kulala mpaka leo ni njano ile wanayochorea barabara, ukiamka asubuhi unaangalia kwanza kulia na kushoto kabla hujavuka. Wageni wakija mara ya kwanza husimama kidogo mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba, na mwanangu wa mwisho alipokuwa darasa la kwanza mwalimu alimwuliza nyumba yenu ina rangi gani, akajibu, "Ndiyo."

Sasa mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko hapo sebuleni chini ya dirisha, nashona sare za shule, magauni, suruali, mapazia, na nina miaka hamsini na miwili, macho si yale ya zamani. Rangi zote nilizokutajia zilikuwa za mafuta, zinang'aa kama sahani, mwanga ukiingia unagonga kijani unarudi kijani, unagonga damu ya mzee unarudi hivyo hivyo, na kitambaa kilichoko mezani hujui ni cha rangi gani mpaka utoke nacho uani. Mwaka jana nilimshonea mwalimu mmoja suruali nyeusi kwa uzi wa bluu iliyokolea. Mimi niliona mweusi, yeye aliona mweusi, akaivaa akaenda zake, akaja kugundua amesimama juani makaburini, kwenye mazishi ya mkuu wake wa kazi, mishono ya bluu imemzunguka kiunoni kama mipaka kwenye ramani. Alirudi akaniambia, "Mama, pale makaburini asiyeniona alikuwa marehemu tu."

Na rangi ninayoitaka si kwamba nimeiota jana. Miaka ishirini na miwili iliyopita mume wangu alikuwa anapaka nyumba ya jaji mmoja mstaafu, akasahau miwani, nikampelekea, na mke wa jaji akaniambia pita tu mama, fundi yuko ndani. Nikaingia. Mshauri, kilikuwa chumba cheupe, lakini si weupe wa chokaa unaokuchoma macho, wala si ile krimu ya ofisini iliyochoka, ilikuwa nyeupe iliyotolewa ukali, kama maziwa yaliyochemka yakaanza kufanya utando juu, na mwanga wa humo ulikuwa umetulia, nikautazama mkono wangu nikauona una rangi yake ile ile niliyozaliwa nayo. Nilisimama hapo na miwani mkononi mpaka mume wangu akasema, "Leta basi." Aliporudi nyumbani nikamwambia nataka ile. Akanijibu, "Ile ni rangi ya watu wasioshika ukuta." Nikamwuliza, "Na sisi ni watu gani?" Akasema, "Sisi tunashika."

Sawa, watoto walikuwa watatu na kweli walikuwa wanashika, nikanyamaza. Wa mwisho akaondoka miaka sita iliyopita, nikamwambia baba watoto, wa kushika wamekwisha. Akasema nipe mpaka mwezi wa pili. Mwezi wa pili akaniletea nusu ndoo ya zambarau kutoka chekechea, na amefurahi kweli, anaitikisa ndoo nisikie ilivyojaa, ananiambia, "Hii ni mali hii, mke wangu, haijachuja hata kidogo." Hiyo zambarau ndiyo iliyonimaliza. Bado iko stoo na sijaigusa, niliiweka nikijua nitakuja kuihitaji kama ushahidi.

Basi aliposafiri kwenda kupaka nyumba ya wageni mji wa mbali, asubuhi yake nikaenda kwa Mama Ngazi. Alikuja, akachanganya kwa macho, akapaka kipande, asubuhi kikawa na uwaridi na mchana kikawa na unjano. Akarudia mara tatu. Akashika kiuno akaniambia, "Dada, hiyo unayoisema naijua, niliiona kwa jaji, lakini kuichanganya siwezi. Hiyo ni ya Profesa." Nikamwambia subiri hapo hapo. Mume wangu ana daftari anamoandika michanganyiko yake, na mimi najua linapokaa, liko ndani ya kiatu chake cha harusi, cha mguu wa kulia, kwenye boksi juu ya kabati. Nikatafuta ukurasa ulioandikwa Jaji nikamsomea, naye akaandika kwenye kipande cha boksi: nyeupe ndoo moja, manjano ya udongo vijiko vitatu vya chai, kahawia nusu kijiko, nyeusi tone moja, usizidishe. Basi, mistari minne, kama vipimo vya keki. Tulicheka, nani anatia nyeusi kwenye nyeupe, lakini Mama Ngazi alipodondosha lile tone akakoroga, aliacha kuongea.

Alipiga msasa siku mbili, maana rangi ya maji haishiki juu ya ile ya mafuta, nikapenga vumbi la kijani mpaka Jumatano, halafu akapaka siku tatu. Alipotoa turubai nikakaa kwenye cherehani nikatunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza tu, bila kuilamba ncha mara sita na bila kwenda uani.

Mume wangu aliingia saa tisa alasiri, begi begani. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja ukutani akaweka kiganja, akarudi nyuma mpaka dirishani akafumba jicho moja, ndipo akauliza, "Nani kamwambia fundi atie nyeusi?" Nikasema, "Mimi." Akauliza, "Daftari liko wapi?" Nikasema, "Pale pale lilipokuwa." Akaenda chumbani kuliangalia, akarudi, akapita sebuleni kama anapita barabarani, akaenda kukaa koridoni.

Mshauri, yuko koridoni mpaka leo, siku ya kumi na moja. Koridoni bado ni kijani cha zahanati. Amehamishia kiti na redio, anakula huko, na mimi haniongeleshi, anaongea na paka. "Mwambie mwenye sebule chai imepoa." Nami namjibu paka, "Mwambie Profesa jiko halijahama." Paka mwenyewe ametuchoka, siku hizi akiona mmoja wetu amefungua mdomo anatoka nje.

Sasa kaka yake mkubwa ameitisha kikao cha familia Jumapili ya juma lijalo, na ujumbe niliotumiwa ni kwamba niombe radhi mbele ya wote na sebule irudishwe ilivyokuwa. Wifi ndiye aliyeuleta. Akaniambia, "Umemvua nguo kaka yangu mbele ya mafundi wote." Nikamwambia, "Kaka yako ndiye aliyenivisha mabaki miaka ishirini na sita." Akasema, "Kwani hapa ulikosa nini wewe?" Nikamwambia, "Ukuta." Binti yangu naye kapiga simu, kaniambia, "Mama, ukirudisha kile kijani, likizo nafikia kwa jirani."

Na usidhani ni sisi wa ndani tu tunaoisifu. Mwenye duka la dawa hapa jirani alikuja kuchukua koti lake, akasimama katikati ya sebule akajizungusha, akauliza nani kafanya kazi hii. Ameshamwita Mama Ngazi ampakie duka na vyumba viwili vya juu, ingawa siku zote fundi wake alikuwa mume wangu, na mtaani sasa Mama Ngazi wanamwita fundi wa ile nyeupe, kwa hiyo unaona mwenyewe kwamba rangi haina kosa.

Nataka uniambie nikae vipi kwenye hicho kikao bila kuomba radhi na bila kumpoteza mume wangu. Kumpoteza sitaki, nampenda, tusipotezeane muda hapo, ni mtu mzuri, hanywi, hapigi, na akiimba juu ya ngazi utapenda. Jana nilisikia anamwuliza kaka yake kwa simu kama kile chumba cha nyuma bado kiko wazi, na hiyo ndiyo sababu nimeshika kalamu. Lakini ukuta wangu siupaki tena, hata waje na mabasi mawili ya ndugu.

Jibu gazetini tu. Mume wangu hanunui gazeti, husoma yale anayotandika sakafuni asidondoshe rangi, anayasoma amepiga magoti, kwa hiyo habari zote za dunia anazijua, ila zimechelewa mwezi mzima na zina matone.

Mimi Mshonaji,
nimeegemea ukuta wangu.

*

Mshonaji,

Pole nimeiruka kama ulivyoagiza.

Tuanze na rangi, kwa kuwa hapo ndipo ulipojipanga na silaha zako zote. Uko sawa. Mtu anayefanya kazi kwa macho anahitaji mwanga usiomdanganya, na kuta nne za rangi tano zilikuwa zinakudanganya kila siku. Uliomba kwa maneno yanayoeleweka, ukangoja watoto wakue, ukapewa zambarau. Usiipake tena ile sebule. Usiombe radhi kwa ajili yake kwa shemeji, kwa wifi, wala kwa paka. Kumwita fundi mwingine nako hakukuwa dhambi. Fundi wa nyumbani asipofika kwa miaka ishirini na miwili, huyo hajanyang'anywa kazi, ameikataa. Mwambie wifi yako kwamba kuna tofauti kati ya hoteli na ngazi, na mtu mzima anaijua.

Hapo tumemaliza. Sasa kaa vizuri, maana yanayofuata hutayapenda.

Nimeisoma barua yako mara tatu, kalamu mkononi. Nilikuwa natafuta mahali ambapo mumeo anasema rangi ni mbaya. Hakuna. Nikatafuta mahali anapotaka kuta zirudishwe. Hakuna pia, anayetaka ni kaka yake. Mumeo mwenyewe, kabla hajahamia kwa paka, alitamka mambo mawili tu, na yote ni maswali: nani kamwambia fundi atie nyeusi, na daftari liko wapi. Uliyaandika mwenyewe, neno kwa neno, halafu ukayapita kama ulivyosema yeye alivyoipita sebule. Mtu anakuuliza habari za daftari, wewe kwa siku kumi na moja unamjibu habari za ukuta.

Mimi rangi siijui. Kwa hiyo nilimtafuta anayeijua, fundi mmoja wa miaka arobaini katika kazi, hamfahamiani, nikamkuta anaosha brashi. Nikamwuliza: daftari la michanganyiko ni kitu gani kwa fundi? Hakuacha kuosha. Akasema, "Brashi nitakuazima. Ngazi nitakuazima. Nikiumwa, mteja wangu nitakupa umalizie. Daftari, hata mke wangu hajui liko wapi."

Wewe ulijua. Kiatu cha harusi, mguu wa kulia.

Kwa hiyo usiniambie ni mistari minne. Mama Ngazi anajua kupaka, ana msasa, ana mikono, na alishindwa mara tatu. Kilichomkosesha ni tone moja, na hilo tone mumeo alilipata kwa kuharibu ndoo ambazo wewe na mimi hatuzijui idadi. Ndiyo sababu Mama Ngazi aliacha kuongea. Wewe ukadhani ameduwaa kwa uzuri wa rangi. Alikuwa anaelewa amepewa nini.

Nikuulize lako. Sijawahi kuona mshonaji asiye na karatasi zake za kukatia, zile alizozichora mwenyewe, akazifuta, akazichora tena mpaka kola ikalala vizuri shingoni. Wewe unazo, na najua hazikai mezani. Mumeo azichukue siku umesafiri, ampe mshonaji wa mtaa wa pili, ukirudi ukute mtaa mzima umevaa kola yako na huyo mwenzako anaitwa fundi wa ile kola. Halafu mumeo akuambie ni karatasi tu, na kwanza tazama zilivyowapendeza watu. Ungehamia wapi? Koridoni pangekutosha?

Mwenye duka la dawa umeniletea kama shahidi wako. Samahani, huyo ni shahidi wa mumeo. Alikuwa mteja wake, sasa ni wa Mama Ngazi, na aliyemvusha ni wewe, kwa ukurasa uliousoma kwa sauti. Hukukusudia, naamini. Lakini umeandika barua ndefu kujitetea kwa jambo ambalo huna kosa, na lile lenye kosa umelitaja kwa kujisifu.

Mumeo naye simwachi. Mtu anaitwa Profesa, ametengeneza nyeupe inayojulikana mji mzima, na katika miaka yote hiyo hajaiweka hata kwenye ukuta mmoja wa nyumba yake. Watu wasioshika ukuta! Aliyekuwa anashika ukuta humo ni wewe, ukipapasa kutafuta uzi. Tena kuhamia koridoni na kuongea na paka, mtu mwenye mvi, ni utoto, na kuulizia chumba cha nyuma kwa kaka yake ni vitisho vya mtu anayetaka kuulizwa anaendelea vipi. Angeweza kusema sentensi moja: umetoa kitu changu. Hakusema. Matokeo yake familia nzima inajiandaa kuhukumu ukuta usio na hatia.

Sasa sikiliza utakavyofanya, na ufanye kwa mpangilio huu.

Leo, si kesho, chukua kigoda uende koridoni. Mtoe paka. Kaa, na useme hivi: "Daftari lako halikuwa langu kumsomea mtu. Nimekukosea." Kisha ufunge mdomo. Najua una neno "lakini" kwenye ncha ya ulimi, barua yako nzima imejaa hilo neno. Ling'ate. Zambarau usiitaje siku hiyo. Sebule usiitaje. Akinyamaza, nyamaza naye. Akimwita paka, mwambie paka ametoka.

Kesho yake nenda kwa Mama Ngazi. Alichokisikia hakifutiki, kwa hiyo usimwombe asahau. Mwambie wazi kwamba ulimpa kisicho chako. Huyu mama ni mkweli, alikuambia kwa kinywa chake kwamba rangi ile ni ya Profesa wakati angeweza kukupakia ule uwaridi akaondoka zake. Mwambie kila atakayetaka nyeupe ile, mchanganyiko ufanywe na mwenyewe, kuanzia na duka la dawa, na jina la rangi libaki la aliyeitengeneza. Aje azungumze na mumeo wao wawili, fundi kwa fundi, na wewe usiwepo. Wataelewana haraka kuliko unavyodhani.

Jumapili, kikao kifanyike sebuleni kwako. Usijipange kwenye kiti cha mshitakiwa katikati ya chumba. Kaa kwenye cherehani ushone, maana nina hakika una kazi ya watu inangoja. Wakikuambia uombe radhi, jibu, "Nimeshaomba, kwa anayehusika," na uendelee kushona. Wakitaka ukuta urudishwe, wamwulize mumeo mbele yako kama na yeye anautaka urudi. Jibu lake nalijua kwa sababu aliweka kiganja kabla hajafungua mdomo, na fundi hapapasi kazi mbovu. Wifi yako akianza, mpe vibiringo viwili, uzi mweusi na ule wa bluu iliyokolea, umwombe akuchagulie mweusi. Atapatia mara moja. Mshukuru, na umwambie kwamba mwaka jana, amekaa kiti hicho hicho, angempeleka mwalimu wa watu makaburini na ramani.

Bado kuna chumba cha kulala, ile njano ya barabarani. Hapo usiombe. Umeomba vya kutosha katika ndoa hiyo. Agiza, kama anavyoagiza jaji. Mwambie Profesa una kazi, chumba kimoja na koridoni, nyeupe yake yenyewe, unataka aje siku fulani saa fulani na brashi safi, na kopo lifunguliwe mbele ya macho yako likiwa na kifuniko chake. Akikuuliza kama ndoo ya zambarau bado ipo, mwambie ipo, na ampakie nayo paka banda lake, maana naye amevumilia mengi.

Siku hiyo ya kazi, sakafu uitandike wewe. Tandika gazeti hili. Ukurasa huu uwe katikati ya chumba, maandishi juu, pale atakapopiga magoti kwanza.

Bwana fundi, kama umefika hapa basi mkeo amekuja koridoni na kigoda, na ameng'ata ulimi, jambo ambalo wewe na mimi tunajua halikuwa rahisi. Amekukosea mara moja na amesema. Wewe umemkosea kwa rangi tano na hujasema neno. Ndoo iliyo kando yako leo haikutoka zahanati wala chekechea, imefunguliwa kwa ajili ya nyumba yako. Koroga. Tone unalijua. Paka mpaka pembeni, nyuma ya kabati na juu ya mlango, na ukimaliza, pindua ndoo umwonyeshe.

Usibakize.